Fatiha Niliyoisoma Mjini Rashid

Nimefika miji mingi kwa sababu nina uwezo wa kufika. Niliacha shule darasa la saba, Mombasa, nikaja Texas na suti ya kuazima, nikapakia mizigo ya ndege usiku na kuosha magari mchana. Leo ukipita barabara ya nyuma ya uwanja wa ndege, pale Euless, malori unayoyaona ndani ya uzio wa seng'enge ni yangu. Wanaoyaendesha ni Warundi, Wakongo, Wasomali na mzungu mmoja. Wote wananiita Bosi. Mzungu pia.

Lakini mji ninaotaka kuuandika ni mdogo. Uko Misri, pale mto Naili unapokaribia kumwaga maji yake katika bahari ya Mediterania, na unaitwa Rashid. Watalii huenda kuona nyumba za kale. Mimi nilikwenda kwa ajili ya binti yangu.

Binti yangu ni muuguzi katika hospitali moja kubwa ya Houston. Anakaa Pearland, katika nyumba aliyoinunua kwa jasho lake na kwa ushauri wangu. Hospitalini hapo yuko kijana wa Kimisri anayeshughulika na mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua. Walizoeana kazini. Siku moja kijana alikuja mpaka Euless na boksi la halua, akala pilau ya mke wangu sahani mbili, akaniuliza maswali ya akili kuhusu malori. Alipoondoka nilimwambia mke wangu kwamba kijana hana kasoro, na hilo ndilo linalonitia shaka.

Kwetu pwani, posa ina utaratibu wake. Wazee wa mume huja nyumbani kwa mke. Unawapokea, unawapa kahawa na vitu vitamu, unasikiliza maneno yao marefu. Lakini siku ile huwapi jibu. Hata kama jibu unalo ulimini, unasema tumesikia, mtapata majibu. Wakishaondoka ndipo binti anaulizwa. Sasa huyu kijana wazee wake wote wako Rashid. Marekani hana mtu. Wakauliza kama wanaweza kuposa kwa simu. Nikakataa. Simu naitumia kuagizia matairi.

Mwaka ule nilikuwa nakwenda Mombasa kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Nikaona nitarudi kwa njia ya Misri nikawaone watu hao kwa macho.

Mke wangu akaweka mwiko chini. "Tangu lini baba wa mke akafunga safari kwenda kukagua kwa mume?"

"Mimi sinunui lori kwa picha," nikamwambia. "Naenda naona limelala wapi, nani alikuwa akiliendesha."

"Huyu si lori, mume wangu."

"Ndiyo maana naenda mwenyewe. Lori ningetuma fundi."

"Watakuona una haraka ya kumtoa mtoto."

"Wataniona nina nauli."

Akacheka, lakini hakukubali. Alisema yeye haendi, na wakimuuliza atasema mumewe alipotea njia.

Kabla ya safari nilikwenda Pearland kumtengenezea binti yangu mlango wa gereji. Yeye angeita fundi. Mimi siwezi kuona fundi analipwa kwa kazi ninayoijua. Nilikuwa juu ya ngazi, yeye ameshikilia taa, aliposema, "Baba, kuna kitu nataka u-promise."

"Sema."

"Nenda kawaone. Kula chakula chao, piga picha. Lakini usiwape neno. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Mimi mwenyewe sija-decide."

"Humpendi?"

"Nampenda. Kuolewa ni kitu kingine. Ana mambo mazuri, na kuna mambo bado nayaangalia. Nikisema ndiyo nataka iwe imetoka kwangu. Nikisema hapana pia. Hilo neno ni langu, Baba."

Nikamwambia neno ni lake, anipe bisibisi. Nilimaanisha. Mimi nikiahidi mzigo utafika Jumatatu, hufika Jumatatu.

Basi harusi ya Mombasa ikapita, nikapanda ndege ya Misri, nikalala Iskandaria. Asubuhi ami yake kijana akaja kunichukua, nduguye marehemu baba yake. Mtu mnene, mashavu mekundu, aliwahi kufanya kazi melini miaka yake ya ujana, na kutoka huko alibaki na Kiingereza cha amri: simama, vuta, funga, subiri. Kiingereza changu nimekipata barabarani. Tukaelewana vizuri sana. Aliniita Haji tangu tulipopeana mkono. Sijahiji bado, lakini sikuona haja ya kumkatiza.

Njia ya kwenda Rashid inapita kati ya mabwawa ya samaki na mitende mingi. Mji wenyewe umekaa ubavuni mwa mto. Nilitarajia mto mkubwa wenye kelele, kwa jinsi Naili inavyosifiwa. Nikakuta maji mapana, ya kijani, yanatembea taratibu kama mtu aliyemaliza kazi. Kando yake watu wanatengeneza boti za mbao, wanapigilia misumari, mbwa wamelala chini ya mbao.

Nyumba za kale ndizo zilizonisimamisha. Zimejengwa kwa matofali mekundu na meusi yaliyopangwa kwa zamu, na katikati mistari myeupe ya chokaa, ghorofa ya juu ikitokeza mbele ya ile ya chini, hata uchochoro unapata kivuli mchana kutwa. Madirisha yake ni vipande vidogo vya mbao vilivyochongwa duara, vikachomekwa kimoja ndani ya kingine. Aliye ndani anaona njia. Aliye njiani hamwoni. Ami yake kijana akanieleza kuwa zilijengwa na wafanyabiashara wa mchele, zamani mji huu ulipokuwa mlango wa Misri. Baadaye bandari ya Iskandaria ikafufuliwa, ukachimbwa mfereji, meli zikahama. Wenye mchele wakahama nao. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Mimi ni mtu wa usafirishaji, nimeona vijiji vya Texas vilivyokufa siku barabara kuu ilipopita upande mwingine.

Kuna kinu cha zamani cha nafaka, gurudumu la mbao lenye meno, likizungushwa na farasi na kuzungusha jiwe upande wa pili. Mlinzi alianza kueleza kwa mikono. Nikamwonyesha kwa kidole jino lipi linalika kwanza na kwa nini. Akaniangalia, akamwambia ami neno.

"Anasema wewe ni injinia," ami akanitafsiria.

"Mwambie ni zaidi."

Tukapita kwenye ngome ambako askari wa Kifaransa waliokuwa wakiikarabati walifukua lile jiwe lenye maandishi ya aina tatu, lililowawezesha wasomi kusoma lugha ya mafirauni. Pale ipo nakala. Lenyewe liko London.

"Mwizi akichukua redio yako, anafungwa," ami akasema. "Akichukua jiwe, anajengewa makumbusho."

Nikampenda mtu yule. Nikampenda zaidi aliponionyesha lori lake la kubebea machungwa na tende, kuukuu, linalotoa moshi mweupe. Nikamwambia awashe. Nikasikiliza, nikavua koti, nikaingiza mkono. Tulikuwa pale muda mrefu, wanaume wa mtaa wamezunguka kila mmoja na ushauri wake, na lilipotulia na kuunguruma sawasawa, mmoja akaniletea maji ya kunawa na mwingine akaniletea kiti. Nasema kweli, nilipokuwa najipangusa mikono, mimi kwa upande wangu nilikuwa nimekwisha kuamua. Watu hawa wanafaa. Wana kazi za mikono, wana mzaha, hawajikwezi kwa Uarabu wao. Nilijiona tayari nikikaa pale kila mwaka, babu wa wajukuu wawili watatu, nikila tende mbichi. Lakini nilikumbuka ahadi na nikafunga mdomo.

Chakula cha mchana kilikuwa nyumbani kwa mama yake kijana, ghorofa ya juu ya jengo jipya nyuma ya zile nyumba za kale. Mjane, mwembamba, amevaa nyeusi, macho yake hayatulii mahali pamoja. Sebuleni ukutani palikuwa na picha ya marehemu mumewe, amesimama kando ya mto, ameshika samaki. Walikuwepo ami, mashemeji wawili, imamu wa msikiti wa mtaa na jirani mmoja mzee. Wanawake walikuwa jikoni na chumba cha pili. Tulikula bata, tukala mkizi wa kuchoma, na wali wa rangi ya kahawia uliopikwa kwa vitunguu vilivyoachwa vikaungua kidogo makusudi. Mke wangu hupika vizuri kuliko hivyo, lakini si kwa tofauti kubwa.

Waliniuliza habari za Amerika. Nikawaeleza malori, nikawaeleza ghala, nikawaeleza jinsi nilivyoanza. Waliniuliza habari za binti yangu. Nikasema ni mtoto mwenye adabu na mwenye akili zake, nikaishia hapo. Ami akasema kijana wao anamtaka kwa heshima. Nikasema nimesikia. Nilijiona bingwa. Kila mtego nimeuruka.

Tulipomaliza kula na kunawa, nilitazama tena ile picha ukutani. Nimekula katika nyumba ya marehemu. Mwanawe ni yatima. Mjane amesimama mlangoni ameshika taulo. Kwetu pwani hunyanyuki mahali kama hapo hivi hivi. Ukimaliza shughuli yoyote unasoma Fatiha: ya chakula, ya safari, ya kuwarehemu waliotangulia. Sisi hata kikao cha kupanga mchango wa madrasa huku Texas, mjini Plano, hukifunga kwa Fatiha. Basi nikainua mikono, nikasema, "Al-Fatiha."

Ami alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi kabla hajaiomba. Halafu wakainua mikono upesi, wote pamoja, na nikasoma kwa sauti. Kisomo nilifundishwa kwa kiboko na bado ninacho. Sauti yangu si mbaya. Niliposema amina, ami alinikumbatia akanibusu mashavu yote mawili. Imamu akanishika mkono asiuachie. Kutoka jikoni vikapigwa vigelegele, kimoja, halafu vingi, halafu na jirani za ghorofa ya chini wakajibu. Mlango ukafunguka, ikaletwa sinia ya bilauri za sharubati nyekundu.

Nikadhani wamependa kisomo.

Nikanywa. Nikapewa nyingine, nikanywa. Yule mama alikuwa analia na kucheka, akisema maneno mengi huku ananiombea, na mimi nikiitikia amina kila aliposita. Watu walikuwa wanapanda ngazi kutoka nje kuja kunipa mkono. Nikafikiri moyoni kuwa watu wa Rashid wanajua kumthamini mgeni.

Baada ya hapo ami akanichukua tutembee kando ya mto, nipunge upepo. Amenishika mkono kama washikanavyo wanaume wa huko. Simu ikalia. Ilikuwa binti yangu. Houston ilikuwa asubuhi.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekula bata."

"Baba, nipo kazini. Amekuja mpaka wodini na keki. Amewaambia watu wote. Ananiambia mama yake amempigia analia, ati umenitoa. Ati mmesoma Fatiha."

"Tumesoma ya kumrehemu baba yake."

Nikasikia mashine zinalia nyuma yake, tit, tit, tit.

"Kwao Fatiha ndiyo neno," akasema. "Wakikubaliana posa, wanaume wanaisoma pamoja, wanakunywa sharubati, imekwisha. Kilichobaki ni pete na tarehe. Ulikunywa sharubati?"

"Bilauri mbili."

"Baba." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Nikisema hapana sasa, mimi ndiye nimevunja. Nikisema ndiyo, umeisema wewe. Mimi neno langu liko wapi?"

Nikamwambia asimjibu mtu yeyote kitu chochote mpaka nimpigie. Nikakata.

Nilisimama naangalia maji. Ningeweza kuondoka. Ndege yangu ilikuwa kesho yake, na kosa lenyewe si kosa hasa. Nani mwingine angejua? Na jambo lenyewe nilikuwa nalitaka. Hilo ndilo lilikuwa zito. Ningekuwa siwataki watu wale, kurudi nyuma kungekuwa rahisi kama kukataa bei.

Nikamwambia ami. Nilianza kwa Kiingereza, nikaongeza Kiarabu nilichokipata chuo cha Kurani, mwisho nikatumia mikono. Aliponielewa, aliuachia mkono wangu.

"Haji," akasema, "watu wamekwisha kunywa. Mtaa mzima umesikia vigelegele."

"Nawajua. Wamenipa mkono."

"Lori lina gia ya kurudi nyuma. Fatiha haina."

"Fatiha niliyoisoma ni ya ndugu yako. Hiyo imefika kwake, sirudishi hata herufi. Ya binti yangu sijaisoma, kwa sababu si yangu kuisoma."

"Wewe si baba?"

"Ni baba. Nilimuahidi."

Alitembea hatua chache mbele yangu. Halafu akasema mimi ni mtu mgumu, na kwamba kama nataka kumwambia shemeji yake, mama wa kijana, maneno hayo, nikayaseme mwenyewe, yeye atafasiri tu, hataongeza sukari.

Tukarudi. Wageni walikuwa wangalipo, bilauri bado ziko mezani. Nikaomba kila mtu aliyekuwepo wakati wa kusoma abaki, kwa kuwa jambo nililolifanya mbele yao nitalirekebisha mbele yao. Sikujificha chumba cha pili. Nikasema kwamba kwetu hukifunga chakula kwa Fatiha, kwamba nilimsomea marehemu mwenye nyumba, kwamba sikujua desturi yao, na kwamba binti yangu hajatoa neno lake. Ami akatafsiri kifupi kifupi, kama atoaye amri melini. Jirani mzee akaweka bilauri chini taratibu. Imamu akasema kila watu na ada zao, Fatiha haiharibiki, lakini alisema akitazama zulia.

Yule mama akauliza kitu.

"Anauliza, humtaki mwanawe?" ami akasema.

"Mwambie namtaka. Ingekuwa anayeolewa ni mimi, ningekuwa nimekwisha kupika."

Ami alisita, halafu akatafsiri. Mashemeji wakacheka. Mama hakucheka. Akauliza tena, na safari hii ami alichelewa kidogo.

"Anauliza, binti amesema anataka kuulizwa?"

"Ndiyo."

Mama akakaa. Tangu nifike sikuwa nimemwona amekaa. Akaongea polepole, akiwa anaikunja taulo mapajani, na ami akawa ananiletea kidogo kidogo. Alisema siku yake yeye alikuwa jikoni kwa mama yake, anakaanga samaki. Akasikia vigelegele. Akadhani ni kwa jirani, kwa sababu jirani walikuwa na msichana mkubwa kuliko yeye. Akatoka na mwiko mkononi akapige na yeye, ndipo akaambiwa ni vyake.

"Alikuwa mume mwema," ami akasema haraka, na sijui kama hilo lilikuwa la mama au aliliongeza.

Mama akainuka, akaanza kukusanya bilauri. Akasema watangoja. Akasema pia nimwambie mwanawe kwa mdomo wangu, kwa sababu yeye hawezi kumpigia mara mbili kwa siku moja.

Nilimpigia kijana usiku ule kutoka Iskandaria. Alisikiliza kwa adabu. Akasema, "Uncle, kwa nini umewaambia? Ungenyamaza tu. Mimi na yeye tungemaliza." Nikamwambia wamalize basi, sasa njia iko wazi. Akaniambia mama yake ameaibishwa mbele ya mtaa. Nikamwambia nilikuwepo, nilimwona, hakuwa mtu aliyeaibishwa.

Nilirudi Texas. Mke wangu alinipokea uwanja wa ndege na hakusema alichokuwa na haki ya kukisema, ila njia nzima ya Euless aliniita Haji. Habari alikuwa amezipata zote.

Binti yangu hakuleta jibu wiki ile wala iliyofuata. Sikumuuliza, na mtu anayenijua atakwambia hiyo si tabia yangu. Alipokuja, alikuja Jumapili, akaendesha kutoka Pearland peke yake, akanikuta kwenye uwanja wa malori nakagua breki. Akakaa kwenye ngazi ya lori, na viatu vyake vyeupe vya kazi.

"Nimemwambia hapana," akasema.

"Kwa sababu ya ile Fatiha?"

"Hapana. Mtu anaweza kukosea." Akafikiri. "Niliporudi nyumbani siku ile nilingoja aniulize. 'Sasa baba yako amesema uamue, umeamuaje?' Nilingoja hilo swali tu. Kila siku alikuwa ananiambia habari ya majirani. Nani kasema nini, nani atacheka. Wiki mbili, Baba. Mama yake mwenyewe alinipigia akaniuliza. Yeye hakuuliza."

"Mama yake alikupigia?"

"Kwa Kiarabu. Alimweka mpwa wake atafsiri."

Nikapangusa mikono. Nikamwambia kama ingekuwa mimi, ningesema ndiyo. Watu wale ni wazuri. Akasema anajua ni wazuri. Nikamuuliza ana hakika. Akasema anayo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia lakini si leo.

"Nani atawaambia wazee?" akauliza. "Mimi naweza kumpigia mama yake."

"Mlango niliufungua mimi."

Nikampigia ami pale pale, binti yangu akisikiliza, malori yote yamezimwa. Alifurahi kusikia sauti yangu, akanieleza kuwa lori lake sasa linawaka kwa mguso mmoja, watu wa mtaa wanamtaja yule Haji wa Amerika. Nikamwachia amalize. Halafu nikamwambia binti yangu ameulizwa, na amesema hapana. Akauliza ni kwa nini. Mimi nina maneno, na siku nyingine ningempa ya kujaza gari, ya kumpoza, ya kunisafisha. Leo nikamwambia, "Sababu anayo binti mwenyewe, na kijana wenu ameelezwa. Nimekuletea alichosema yeye, na sikuongeza changu."